Mume anapokwenda chuo cha uchungaji: mambo ya nyumbani ambayo barua ya dayosisi haiyataji

MamaMbaazi (mleta uzi)

Habari za humu ndani wakuu. Kila mwaka msimu wa udahili ukifika naona mabinti wanauliza: mchumba wangu anataka kusomea uchungaji, nifanyeje? Majibu wanayopata ni mawili tu, "muombee" au "kimbia dada". Mimi nimeyaishi hayo maisha mwanzo hadi mwisho, nimeona niandike yale niliyotamani mtu aniambie.

Mume wangu alikuwa mwinjilisti wa mtaa huku Babati. Dayosisi ikampeleka kusomea theolojia mwaka 2015, akamaliza 2020, sasa amebarikiwa, yaani amewekwa rasmi kuwa mchungaji, na tuko usharikani pamoja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sitataja chuo wala dayosisi, kwa sababu yako ya lawama ndani yake, na watu wenyewe nawaheshimu.

Tuelewane kidogo kabla sijaendelea. Wengi wakisikia seminari wanawaza Wakatoliki, Segerea au Kipalapala, vijana wanaojiandaa kwa upadre wasiooa. Mimi naongelea Walutheri, Waanglikana, Wamoravian na wenzao, ambako mwanafunzi wa uchungaji mara nyingi ni mtu mzima mwenye mke, watoto na ng'ombe zizini.

Nianze na nyumba, maana ndiyo inayouma mapema. Mwinjilisti anakaa nyumba ya mtaa, yaani nyumba ya kanisa. Akishapata barua ya chuo, nyumba si yake tena, mtaa unahitaji mwinjilisti mwingine na huyo naye ana familia. Hakuna aliyetuonea hapo. Lakini barua ile ilitaja ada, tarehe ya kuripoti, hata mashuka ya kwenda nayo, na haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu mke na watoto wawili watalala wapi. Siku ya kukabidhi alikuja mzee wa kanisa na daftari: meza ya mninga moja, viti vinne, kitanda cha futi tano, pipa la maji. Migomba niliyopanda nyuma ya jiko haikuwemo kwenye daftari. Mke wa mwinjilisti mpya, binti mdogo tu kutoka Mbulu, akanishika mkono: "Dada, huu mkungu ukikomaa ni wako." Na kweli aliuleta, kaubeba kichwani mwenyewe. Mimi nikapanga vyumba viwili karibu na shule.

Kwa hiyo ukiolewa na mtu wa njia hii, swali la nyumba liulizwe kabla hajaondoka, na muulize mkiwa wote wawili mbele ya mkuu wa jimbo. Si utovu wa adabu. "Baba, mimi na watoto tutakaa wapi, na kodi italipwa na nani?" Swali fupi, lina heshima yote.

Fedha nazo. Dayosisi ililipa ada kwa awamu, na awamu nyingine zilichelewa hadi mitihani ikawa inakaribia. Posho ya uinjilisti ilikoma siku aliyoondoka. Sabuni yake, nauli, vocha, kutoa nakala za vitabu, vyote vilitoka kwenye mshahara wa mwalimu na shamba. Sisi huku Babati tunalima mahindi tunachanganya na mbaazi, mahindi ya kula na mbaazi za kuuza, zinakwenda India. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwao na bei huku ikaanguka kabisa, wapo walioziacha shambani zikapukutika. Mimi nilivuna nikasubiri bei irudi. Magunia yalikaa sebuleni muda mrefu mpaka watoto wakayafanya makochi, wageni wakija wanakaribishwa juu ya mbaazi. Mwaka ule alisoma kwa mkopo wa kikoba changu. Akina mama wa kikoba walijua pesa inakwenda wapi na hawakunitangaza, Mungu awabariki.

Jambo moja lililotuokoa ni bima. Kwa kuwa ni mtumishi wa umma, kadi yangu ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilimhusu mume wangu kama mwenza na wategemezi wetu pia. Alipopata kidole tumbo katikati ya muhula, alifanyiwa upasuaji kwa kadi hiyo. Ninyi ambao wote wawili hamna ajira rasmi, ulizeni bima mapema. Mwanafunzi mwenye familia akiugua bila bima, ada yenyewe ndiyo inayoliwa.

Halafu likizo. Nilidhani likizo ya chuo ni ya kwangu. Kumbe likizo ndefu ndiyo wakati wa mafunzo kwa vitendo, anapangiwa usharika wa mbali akahubiri, akazike, akafundishe kipaimara, huku akiandika ripoti. Watoto walimwona Krismasi na siku chache za Pasaka. Mdogo wetu alifika mahali anamsalimia kama anavyomsalimia mgeni, shikamoo ya mbali, amejificha nyuma ya gauni langu. Panga mapema nani anamfuata nani. Sisi tuliamua mimi na watoto tumfuate yeye huko alikopangiwa, hata kama tutalala kwenye vestri, kile chumba cha kanisani cha kuvalia majoho.

Sasa nije kwenye lililonifanya nifungue uzi huu.

Umbali wa kilometa unavumilika. Usiovumilika ni umbali wa yale anayosoma. Mwaka wa pili alirudi Krismasi, jioni tukafungua neno kama kawaida yetu, Isaya 40. Nikasema nabii Isaya anawafariji watu wa Mungu. Akanyamaza, kisha akasema taratibu kwamba wataalamu wengi wanaona kuanzia sura ile ni maneno ya nabii mwingine, wa wakati wa uhamisho wa Babeli, zaidi ya miaka mia moja baada ya Isaya mwana wa Amozi.

Naomba mnielewe, mimi ni mtoto wa uamsho. Bibi mzaa mama ni wa Bukoba, aliokoka kwenye wimbi lile lililotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na sisi wajukuu tumelelewa na Tukutendereza, wimbo wa uamsho ule, kabla hatujajua kusoma. Usiku ule usingizi haukuja. Sikuwaza ada wala kodi, niliwaza huyu mtu atanirudia na imani gani, na mimi nimebaki wapi.

Asubuhi nikamwambia, "Baba watoto, usinifiche unachosoma. Ukinificha nitakuwa nimeolewa na mtu nisiyemjua." Akalia. Kumbe naye alikuwa ameyabeba peke yake, anaogopa kunivunja moyo. Tukakubaliana kila Ijumaa usiku anirekodie sauti kwenye WhatsApp, anieleze somo moja la wiki kama anavyomweleza mtu ambaye hajakwenda chuo. Nilisikiliza huku nasahihisha madaftari. Hivyo ndivyo nilivyojua kuhusu vyanzo vinne ambavyo wataalamu wanasema viliunganishwa kupata vitabu vitano vya Musa. Hivyo ndivyo mtoto wetu mkubwa alivyojua kuimba "luo, lueis, luei" wakati anaosha vyombo, maana kitenzi hicho cha Kigiriki, nafungua, unafungua, anafungua, baba yake alikirudia kwenye simu mpaka nyumba nzima ikakishika.

Na mimi sikuwa msikilizaji tu. Nilimuuliza, hili utamwambiaje mama anayeuza mbege pale stendi, aliyefiwa na mwanawe? Akishindwa kujibu anarudi kulitafuta. Mwalimu wake mmoja alimuuliza mbona mahubiri yake ya mazoezi yana watu ndani yake.

Ndipo Ijumaa moja akanisimulia habari za Katharina von Bora, mke wa Martin Luther. Alikuwa mtawa, akatoroka monasteri mwaka 1523, wakaoana 1525. Nyumba waliyokaa Wittenberg, Ujerumani, ilikuwa monasteri ya zamani, na yeye ndiye aliyeiendesha: analima, anafuga, anapika bia, analaza na kulisha wanafunzi kwa malipo ili nyumba isimame. Luther alipofariki mwaka 1546, wosia uliomwachia Katharina mali haukukubaliwa na sheria ya Saxony ya wakati ule, mpaka mtawala akaingilia kati. Nilisikiliza sauti ile mara mbili. Mwanamke aliyelisha nusu ya wanafunzi wa Matengenezo ya Kanisa, naye alibaki anahangaikia mahali pa kukaa.

Ninachosema ni hiki: kanisa linampeleka mmoja chuoni lakini likimrudisha linawahitaji wote wawili. Siku ya kubarikiwa watu wananiita mama mchungaji. Jumatatu wanagonga mlango kuniletea ugomvi wa ndoa, mimba ya binti wa kwaya, mgonjwa wa UKIMWI anayeogopa kusema kwao. Nani alinifundisha? Zile sauti za Ijumaa. Basi ombeni kupelekwa pamoja na wenza wenu kwenye masomo, hata kama mwili unabaki nyumbani.

Karibuni kwa maswali na uzoefu wenu.

Mjoli_Mkweli

Dada nakuheshimu ila sikubaliani nawe. Wito ni wito. Wanafunzi wa Yesu waliacha nyavu na jamaa zao wakamfuata, hawakuuliza kodi italipwa na nani. Ukianza masharti, huo ni mkataba wa ajira. Na haya mambo ya vyanzo vinne yabaki huko huko chuoni, yanawakwaza waumini.

MamaMbaazi

Mjoli, asante kwa kusema wazi. Petro aliacha nyavu, kweli. Lakini soma Marko sura ya 1, muda mfupi tu baada ya kumwita, Bwana aliingia nyumbani kwa Petro akamponya mama mkwe wake aliyekuwa na homa. Na Paulo anapowaandikia Wakorintho barua ya kwanza, sura ya 9, anasema Kefa, ndiye Petro huyo huyo, alisafiri na mkewe kwenye huduma. Petro hakumwacha mkewe nyumbani bila chakula, alitembea naye. Na Paulo huyo huyo anamwambia Timotheo kwamba asiyejua kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa. Sioni vipi swali la kodi liwe dhambi.

Kuhusu vyanzo, mimi sikukwazika kwa kujua. Nilikwazika usiku ule nilipodhani nafichwa. Leo bado naimba Tukutendereza kwa sauti ile ile ya bibi, na Isaya 40 naipenda zaidi, kwa sababu najua ilisemwa kwa watu waliofukuzwa makwao.

Mstaafu wa Usambara

Mwanangu mleta mada, nimesoma yote, hongera. Mimi ni mchungaji mstaafu, nilisoma Makumira mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vijana wajue chuo kile kilianzia Lwandai huku kwetu Lushoto mwaka 1947, kikahamia Makumira, karibu na Usa River, mwaka 1954, kabla hata makanisa yetu ya Kilutheri hayajaungana kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mwaka 1963.

Zama zetu ilikuwa kawaida mwanafunzi mwenye mke kwenda na mkewe. Tulikuwa wachache, kila familia ina kijumba na bustani, mlima Meru uko mbele yako asubuhi. Mke wangu alisoma na wenzake darasa lao: Biblia, kushona, afya ya mtoto, namna ya kuongoza ibada ya wanawake. Alikwenda anajua kuandika jina lake tu, akarudi anaweka hesabu za usharika. Katika miaka yangu yote ya utumishi, daftari la fedha la akina mama halikuwahi kupotea hata shilingi, na ni yeye.

Sitasema zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Darasa lile la wake lilimfundisha zaidi keki na vitambaa kuliko maandiko, na yeye alikuwa na kichwa kuliko mimi. Baadaye vyuo vingi vimekua, vimekuwa vyuo vikuu, wanafunzi ni mamia, nyumba za familia haziwezi kutosha wote. Lakini wazo lile la kwamba mke naye ni mwanafunzi, hilo tulilipoteza njiani, na nafurahi wewe umeliokota kwa simu.

MamaMbaazi

Shikamoo baba mchungaji. Nimesoma hapo pa daftari la akina mama machozi yakanitoka. Mfikishie mama salamu zangu nyingi.

Mstaafu wa Usambara

Marahaba mwanangu. Mama alitangulia mbele za haki, ila nimezipokea kwa niaba yake.

NesiWaTigoni

Hujambo mama. Mimi niko Kenya, upande wa Limuru. Bwanangu alisomea St Paul's. Hicho nacho kina historia ndefu, kilianza Freretown kule Mombasa mwaka 1903, mahali ambapo CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, ilikuwa imewapa makao watumwa waliokombolewa, kikahamishiwa Limuru 1930, halafu 1955 Waanglikana wakaungana na Wamethodisti na Wapresbiteri kukiendesha pamoja. Chata ya chuo kikuu kilipata 2007.

Sisi hatukutengana, tuliishi pamoja kwa chumba kimoja cha kupanga, na nataka kusema hiyo pia ina uzito wake. Mimi nafanya zamu ya usiku hospitalini, narudi saa mbili asubuhi baridi ya Limuru imeniingia kwa mifupa, nampata amelala na kitabu kifuani, taa haijazimwa, mtoto hajavishwa sare. Yuko nyumbani lakini hayuko. Akiongea ni Agostino amesema hivi, Kalvini amesema vile. Kuna jioni nilimuuliza, "Baba Wanjiku, na mimi nimesema nini leo?" Hakukumbuka.

Tuliketi tukaweka meza ya chakula kuwa mahali ambapo hakuna kitabu. Kitabu kikifika mezani, anayekileta anaosha vyombo. Ilisaidia sana, na kwa muda mrefu aliosha vyombo yeye.

Kitu kingine, parokia alikotumwa wikendi walinitarajia niwe tayari mama mchungaji, niongoze kikundi, nivae kitambaa cha Muungano wa Akina Mama, nitoe chai kwa wageni baada ya ibada, na nimetoka zamu. Nilimwendea kasisi msimamizi nikamwambia kwa heshima: baba, mwanafunzi wenu ni mmoja, mimi ni mwajiriwa wa serikali ya kaunti. Alinielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Wenye kazi zenu, semeni mapema.

BabaWaPacha

Kwetu ni kinyume. Mke wangu ndiye aliyekwenda, mimi ndiye niliyebaki. KKKT ilianza kubariki wanawake miaka ya mwanzo ya 1990, lakini ukija mtaani kwetu utadhani ilianza jana. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Iringa. Alipokwenda chuo pacha walikuwa bado wananyonya, kwa hiyo tulipanga chumba nje ya geti la chuo, akakaa huko na watoto na mdogo wake wa kike wa kumsaidia. Kati ya kipindi na kipindi anatoka mbio kunyonyesha, anarudi darasani blauzi imelowa. Profesa mmoja mzee alikuwa anachelewesha kuanza kipindi makusudi, anajifanya anatafuta chaki. Wema wa namna hiyo hauandikwi popote, nimeuandika hapa.

Mimi nilikuwa nafunga duka Ijumaa mchana napanda basi na unga, mchele na dagaa. Ndugu zangu walinijia juu, kwamba nimeolewa. Mjomba akaitisha kikao. Niliwaambia hivi: alipokuwa muuguzi msaidizi anatoka usiku kwenda kazini hamkuitisha kikao, leo anakwenda kusoma Neno la Mungu mnaitisha. Kikao kikaisha.

Ila kuna jambo mleta mada hujaligusa. Mwenza wa kiume anayebaki hana wenzake. Wake wa wanafunzi wana vikundi vya WhatsApp, wanaombeana, wanajua nani kajifungua. Mimi nilikuwa peke yangu. Nilipata faraja kwa fundi mmoja muumini wa Kimoravian ambaye mkewe naye alikuwa chuo kule Mbeya, tukawa tunapigiana simu Jumapili jioni. Wanaume wenzangu mlio kwenye hali hii, nitafuteni faragha.

MamaMbaazi

BabaWaPacha, hilo sikulijua na nashukuru umeliandika. Niruhusu niliseme kwa mume wangu, ana mwanafunzi wa kike usharikani ambaye mumewe ni dereva wa malori. Nitampa jina lako la humu akutafute.

Naserian_22

Da MamaMbaazi samahani kwa swali refu. Nimechumbiwa, mchumba yuko mwaka wa kwanza theolojia. Mimi niko mwaka wa pili diploma ya uuguzi. Wazazi wake wanataka tufunge ndoa Desemba ili aende field akiwa na mke, wanasema kijana asiyeoa hatapewa usharika. Yeye mwenyewe yuko kimya. Nimpende vipi Mungu na nisipoteze masomo yangu?

MamaMbaazi

Mdogo wangu Naserian, maliza uuguzi. Nitakueleza kwa nini, usiishie kwenye hilo neno la kwanza.

Mchungaji hachagui kituo. Atapangiwa Simanjiro, atapangiwa Kiteto, baada ya miaka kadhaa atahamishwa tena. Muuguzi anahitajika kila mahali, na makanisa yetu yana hospitali na zahanati nyingi vijijini. Mimi mwenyewe nilipoomba uhamisho nimfuate mume alipokuwa chuoni niliambiwa kwamba mwenza mwanafunzi hahesabiki kama mwenza mwenye kituo cha kazi, nikasubiri hadi alipobarikiwa. Wewe ukiwa na cheti chako mkononi unabisha hodi popote. Bila cheti utakuwa mke wa mtu anayehamishwa, na kila akihamishwa unaanza na migomba upya.

La pili, huyo kukaa kimya kwake. Mpigie leo, si kwa ujumbe, kwa sauti. Mwambie hivi: "Wazazi wamesema, naomba na wewe useme." Atakaposema ndiyo au hapana utajua unachumbiana na nani. Mchungaji atakaa mbele ya familia zinazogombania maiti, mbele ya wazee wa kanisa wanaogombania hesabu za mavuno. Asiyeweza kuwaambia wazazi wake "tusubiri amalize" atafanyaje huko? Simkatii tamaa, ni kijana, anajifunza, lakini aanze kujifunzia kwako.

La tatu, hilo la kwamba asiyeoa hapewi usharika aliulize dayosisini kwao, asilipokee kutoka jikoni kwa mama yake. Na wewe umheshimu mama mkwe mtarajiwa, nenda umsalimie, mpelekee sukari, mwambie unampenda mwanawe na unamaliza masomo. Yote mawili kwa pumzi moja.

Naserian_22

Nimempigia dada. Amesema alikuwa anaogopa nikisikia tusubiri nitadhani hanitaki. Jumamosi tunakwenda wote wawili kwa wazazi wake. Ameniomba nimtumie notisi zangu za afya ya mama na mtoto, anasema atazihitaji akiwa usharikani.

MamaMbaazi

Mtumie! Na yeye akutumie za kwake.

Mjoli_Mkweli

Nimerudi kusoma. Ile ya Petro kusafiri na mkewe nilikuwa sijawahi kuiona, nimeifungua mwenyewe 1 Wakorintho 9 mstari wa 5. Bado nasema wito una gharama. Ila nakubali gharama ijulikane na wote wawili kabla. Mimi ni mzee wa kanisa, usharika wetu una mwanafunzi mmoja na sijui hata mkewe anaishi wapi. Nitamtafuta.

NesiWaTigoni

Mungu akubariki kwa hilo mzee.

MamaMbaazi

Mzee Mjoli, ukimpata, usimuulize anaendeleaje, atakujibu salama. Muulize kodi inaisha lini na mara ya mwisho mumewe alilala nyumbani lini.

Kuna walioniuliza faragha kuhusu kipindi vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona. Kwetu kile kipindi kilikuwa zawadi. Alikaa nyumbani hadi vyuo vilipofunguliwa Juni mosi, akawa anaandika utafiti wake wa mwisho juu ya magunia yale yale, na mimi ndiye niliyeusoma na kumsahihishia Kiswahili kabla haujatafsiriwa. Lakini najua nyumba ambazo korona ilimrudisha mume mgeni, wakashindwa hata kuongea, na mmoja wa wake hao sasa anaishi kwao. Sitasema zaidi, si habari yangu.

Sasa naomba msaada wenu. Usharika wetu hapa una wanafunzi wawili, huyo mwenye mume dereva na kijana mwingine mwenye mke na mtoto mmoja. Nilipeleka ombi baraza la wazee kwamba kwenye bajeti, chini ya mstari wa ada ya mwanafunzi, uongezwe mstari wa kodi ya nyumba ya familia na wa vocha ya intaneti kwa mwenza, ili masomo yamfikie na yeye. Baraza limekubali kodi kwa mwaka mmoja wa majaribio. Vocha wamesema ni anasa. Mwenye mfano wa usharika au dayosisi ambayo tayari ina utaratibu wa maandishi wa namna hiyo, iwe Tanzania, Kenya au kokote, auweke hapa au anitumie. Kikao kijacho ni Novemba na nataka niingie na karatasi mkononi.